Jina la Toledo

Durban, 9 Novemba 2021

Baba Honoré,

Nakusalimu kwa heshima. Mguu unaendeleaje? Mimi napumua tu.

Barua hii anakuletea Boniface, yule dereva wa lori anayepakia mzigo bandarini hapa na kuufikisha Lubumbashi. Kwenye simu husikii vizuri, na jambo hili sitaki kulisema kwa kupaza sauti.

Leo ni wiki ya sita tangu mume wangu Glody atuache. Kaburi lake lina kijiti chenye namba tu. Nataka kuweka msalaba, na jina alilolitaka mwanao ni la baba yako, Toledano.

Alilipenda tangu siku mama Shapiro, bibi mmoja wa Kiyahudi, alipoleta simu yake kutengenezwa kwenye duka alilofanyia kazi Glody. Bibi huyo alimweleza kwamba Wayahudi wengine huitwa kwa kazi ya mababu, kama Cohen, yaani kuhani, na wengine kwa mji. Toledano ni mtu wa Toledo, kule Hispania. Wayahudi walifukuzwa huko zaidi ya miaka mia tano iliyopita, wakaondoka na jina la mji.

Basi Glody akalichora kwa msumari kwenye kifuniko cha bakuli lake la chakula. Papy, mwenzake wa dukani, akamcheka: “Toledo iko wapi, karibu na Likasi kwetu?” Glody akasema: “Iko mbali, ndiyo maana nafika na njaa.”

Bila ruhusa yako siwezi kuandika kitu. Nangoja.

Mkwe wako,
Spès

Lubumbashi, 17 Desemba 2021

Binti yangu Spès,

Pole tena. Mguu ni uleule. Boniface anasema umekonda. Kula, mama.

Jina hilo, hapana. Yule mzee aliyenizaa alikuwa na duka la vitambaa. Kila Ijumaa alifunga mapema kwa ajili ya Sabato yao, na mama yangu alinituma nipite pale mlangoni. Alinipa pipi moja na kuniuliza: “Unaitwa nani?” Alijua vizuri. Nilijibu: “Honoré wa mama Kabwe.” Alitikisa kichwa, akafunga kufuli. Miaka sita aliuliza hivyo. Kisha akahama, hakuaga.

Jina ambalo sikupewa nitampaje mwanangu? Usiandike kitu kwanza. Nitakuambia.

Baba yako,
Honoré

Lubumbashi, 8 Aprili 2022

Binti yangu,

Unaendeleaje? Nisamehe kwa kunyamaza tangu Krismasi.

Nimekaa na maneno ya yule bibi. Watu walifukuzwa, na bado wakabeba jina la mahali palipowakataa. Hawakuomba ruhusa ya mtu. Mimi nimeng’ang’ania kufuli la duka miaka sitini, na mwanangu amelala chini ya namba.

Andika. Glody Toledano, mwana wa Honoré. Uandike kwa herufi kubwa.

Baba yako,
Honoré

Durban, 15 Mei 2022

Baba,

Nakusalimu. Natumaini mguu umepata nafuu.

Barua yako imenifikia jana. Boniface alikwama, barabara zilikatika kwa mvua ya Aprili. Siku tatu baada ya wewe kuandika, maji yalishuka huku usiku kucha. Kule makaburini udongo wa kilima uliporomoka ukafunika safu nzima, na vijiti vyote vilichukuliwa na maji.

Nimekwenda leo na namba yangu kwenye karatasi. Mlinzi alizunguka nami sana. Mwisho akasimama: “Eish, mama. Ni hapa, au pale.” Akanyoosha mkono juu ya tope lote. Wenye misalaba ya zege wamepata watu wao.

Usijilaumu, Baba. Ni mimi niliyengoja.

Msalaba nilikuwa nimeagiza tangu mwaka jana, umeachwa wazi sehemu ya jina. Uko nyuma ya mlango, sijui nitausimamisha wapi. Kifuniko cha bakuli bado ninacho. Jina linasomeka.

Ukisali Jumapili, mtaje kwa jina lake lote. Na mimi, unikumbuke.

Mkwe wako,
Spès