Mama Furaha, Kundi la Mboga Limehama

Mama Furaha,

Tumehama. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ambalo hukulitaka, na sikupenda ulisikie mwishoni baada ya salamu.

Kundi letu la mboga za kwetu, ulilolianzisha kwa kuuliza mtandaoni kama kuna mtu Uswidi aliyewahi kuotesha lenga-lenga kwenye balkoni ya ghorofa ya nne, halipo tena pale ulipoliacha. Mimi nilikuwa wa kwanza kukujibu. Nilisema kwetu Morogoro tunaita mchicha, Wekesa akaingia na kusema kwao Kenya ni terere, tukabishana siku nzima kabla hata mmoja wetu hajajibu swali lako. Tulipokutana kwako Alby ulitucheka, ukatuonyesha makopo ya rangi uliyoyatoboa chini, ukasema, "Jina muite munavyopenda, lakini mbegu munipatie."

Mwaka jana nilikuja kwako na wazo la kuhama. Dada mmoja wa Burundi alikuwa amefungiwa akaunti kwa sababu ya picha ya mbegu za mnavu ndani ya mfuko wa nailoni. Mashine ya kampuni yenye mtandao ule ilidhani ni dawa za kulevya. Maswali ya watu yalikuwa yanazama chini ya matangazo. Wekesa, ambaye kazi yake ni kompyuta, alinieleza kuhusu mtandao usio na mwenyewe mmoja: kila kundi linakaa kwenye seva yake, yaani kompyuta inayolihifadhi, na lina wasimamizi wake, lakini seva zote zinazungumza, na ukichoshwa na moja unahamia nyingine bila kupotezana na watu wako. Nilikumwagia hayo yote jikoni kwako, haraka haraka, kama mtu anayeuza kitu. Ulisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukasema, "Nilihama Bukavu, nikahama kambi, nikahama Kampala. Sitahama tena, mwanangu."

Nami nikakujibu, "Hii si nchi, Mama. Ni simu tu."

Ukatoa kikombe changu mezani, na chai ilikuwa bado nusu. Baadaye tuliendelea kusalimiana na kuandikiana habari za vidukari na mbolea, lakini lile neno lilibaki katikati yetu, nami sikuomba radhi. Nilijiambia nitakuomba kiangazi, mikono yetu ikiwa udongoni. Februari moyo wako ukasimama ukiwa unavaa viatu uende kazini.

Wiki chache baada ya mazishi, akaunti yako ilifungwa. Labda ni rambirambi nyingi zilizoandikwa pale, labda ni jambo jingine, kampuni haikueleza. Msimamizi ulikuwa wewe peke yako, kwa hiyo kundi nalo likafungwa. Tuliweza kusoma, hatukuweza kuandika, na ujumbe ukatokea kwamba mwisho wa mwezi unaofuata kila kitu kitafutwa. Sauti yako ilikuwa mle, Mama. Zile sauti ulizokuwa ukitutumia huku unamwagilia, maji yakisikika nyuma.

Nikaenda Alby. Furaha alinifungulia. Binti yako unamjua, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi, na njiani nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza. Haikuhitajika. Alikaa na simu yake, mimi na yangu, Jumamosi tatu mfululizo, tukipakua sauti moja baada ya nyingine na kuandika kila moja inahusu nini. Alipokwama aliniuliza mimi. Mimi nilipokwama na maneno yako ya Bukavu, tulimpigia Mzee Balthazar, mtu wa kwenu, yule wa Vällingby mwenye matembele.

Jumamosi ya pili tukafika kwenye sauti moja ambayo sikuwa nimewahi kuifungua. Ulikuwa unamjibu mgeni kwenye kundi, ukimwelekeza kwangu. Ulisema, "Zawadi wa Bredäng anajua kuotesha kuliko mimi. Muulize yeye, ni mtoto wangu." Nikaangalia tarehe. Ulikuwa umeituma wiki moja baada ya siku ile ya kikombe. Wakati ule nilikuwa naziruka sauti zako, kwa aibu.

Furaha alizima simu. Akasema kwa Kiswahili, polepole, "Pole, dada." Halafu akaenda kunitengenezea chai.

Sasa tuko kwenye mtandao ule mpya. Wasimamizi ni watatu: Wekesa, mimi na Furaha, ili mmoja wetu akiondoka, kundi lisifungwe pamoja naye. Sauti zako zote zimo. Furaha huandika chini ya kila moja, Kiswahili chake kikichechemea, na watu wa Oslo na Nairobi wanamjibu.

Lakini si wote waliokuja, na hilo nakuambia bila kuficha. Wengine walinyamaza tu. Mzee Balthazar alinisikiliza kwa heshima, akasema macho yake hayawezi kujifunza mahali pengine. Safari hii sikubishana. Mimi humpigia Jumapili akitoka misani. Ananieleza majani yake yana rangi gani, ninaandika kwenye kundi kwa jina lake, halafu namsomea majibu yote, hata yale ya mzaha, na yeye anayapenda zaidi hayo.

Nisamehe kwa neno lile, Mama. Pumzika. Nami nitampigia Mzee Balthazar kila Jumapili, maadamu yupo wa kupokea.

Mwanao,
Zawadi