Baba, Ulisema "La Chini, Mama Yako"

Baba,

Mahindi ya shamba la chini yanaendelea vizuri. Mama ameyapalilia peke yake, na nikimwambia apumzike ananiuliza, "Nipumzike nikifanya nini?" Mimi nimerudi chuoni Kitale. Bado nasomea mawasiliano na kuhutubia, lile somo ulilokuwa ukiwaambia wageni: "Ati wanafundishwa kuongea. Si huyu alianza kuongea kabla ya kutembea?" Ulisema ukicheka, halafu wageni wakienda unaniita nisimame mbele yako nihutubie.

Naikumbuka hasa likizo ile ya mwisho, ugonjwa wa koo ulipokuwa umeimaliza sauti yako. Ulikaa karibu na jikoni ukiwa umejifunika blanketi, nami nikikuhutubia juu ya maji safi, kuku wakipita katikati yetu. Nikienda mbio uliinua mkono. Nikimeza maneno uligusa sikio.

Sasa nikuambie yaliyotokea, maana hukuwepo, na ni mambo yako.

Siku ya kunyolewa, tulipomaliza matanga yako, watu wakiwa wamekaa uwanjani, baba mdogo Wafula alisimama akasema shamba la chini ni lake. Alisema ulimwachia mwenyewe, mlikubaliana ninyi wawili tu. Mama aliinamisha kichwa. Mtoto wa kiume hukuacha, na wazee walitazamana kama watu ambao jambo limeshakwisha. Nikasimama. Nikasema mimi ndiye niliyekuwa nawe asubuhi ya mwisho, na ulisema shamba la chini ni la mama.

Nilisema vizuri, Baba. Nilivuta pumzi kwanza, nikawaangalia wote, sikuharakisha. Hicho ndicho kilichoniponza. Baba mdogo alijibu polepole, "Huyu anasomea kushawishi watu. Anaweza kuwaambia saa hii ni usiku, na mkaenda kulala." Watu wakacheka, hata shangazi aliyekuwa amenishika mkono kaburini. Kisha baba mdogo akaniuliza, "Maneno yenyewe alisema aje?"

Nikamwambia: "La chini, mama yako."

"Na mama yako siku hiyo alikuwa wapi?"

Alikuwa shamba la chini, akipanda maharagwe.

"Basi alikuwa anauliza bibi yake yuko wapi," akasema. "Mgonjwa akiuliza bibi yake, huo ni urithi?"

Mzee wa mtaa akasema mama alime msimu huu, na mengine yapelekwe kwa naibu wa chifu.

Nilirudi Kitale na swali hilo. Darasani tunafundishwa kwamba ujumbe haujafika mpaka msikilizaji auelewe kama ulivyokusudiwa. Nakaa pale nyuma nikikusikia ukinong'ona. Ulinishika kidole. Uliangalia mlango, ambao ulikuwa wazi. Ulikuwa unaagiza, au ulikuwa unamwita mama? Mimi nilisema "ndio, Baba," nikakufunika vizuri. Nilidhani nimeelewa.

Chebet, msichana wa Kapsokwony ninayeishi naye, alinihurumia kwa njia yake. "Si uongeze kidogo tu, bana? Sema alitaja urithi. Nani atajua?" Na ningeweza. Nimefundishwa mahali pa kunyamaza ili watu walie. Nilijaribu mbele ya kioo, nikaona hata mimi naanza kuamini. Hapo nikaogopa.

Mwezi uliopita tuliitwa barazani. Nilisimama mbele ya naibu wa chifu, na kila nilichofundishwa kikanitoka. Hata nilisema "balaza" badala ya baraza, kosa ambalo Kitale wangenicheka, lakini pale kwetu Kabuchai hakuna aliyegeuka. Nikayasema maneno yako kama yalivyotoka. Nikasema pia kwamba mama alikuwa shambani. "Sijui kama alikuwa anaagiza au anauliza," nikasema. "Hayo tu ndiyo niliyosikia."

Halafu mama, ambaye hukuwahi kumsikia akisema mbele ya watu, akasimama bila kuitwa.

"Pale palikuwa msitu," akasema. "Tuling'oa visiki mimi na yeye, nikiwa na mimba ya huyu. Wafula alikuwa anakunywa chai yangu akitutazama. Sasa mtoto asiposikia vizuri, mimi pia sikung'oa?"

Naibu wa chifu akamwuliza baba mdogo kama huo ni uongo. Aliangalia viatu vyake. "Hapana," akasema. "Walilima wao."

Shamba limebaki kwa mama.

Ungefikiri nimetulia. Baba mdogo hatusalimu. Kanisani anakaa upande ule mwingine, na watoto wake waliokuwa wakilala kwetu sasa wanapitia njia ya nyuma. Anafanana nawe sana, Baba. Akigeuka ghafla moyo unaniruka, halafu nakumbuka.

Na swali langu liko pale pale. Mama alipewa shamba kwa jasho lake, sio kwa maneno yako. Maneno yako nimebaki nayo mimi. Kuna siku ni wosia. Kuna siku ni mume anayemtafuta mke wake, na hizo ndizo zinazoniuma zaidi, kwa sababu shamba si mbali. Ningekimbia. Angekukuta hai.

Mama alisikia yote barazani, na mpaka leo hajaniuliza kitu. Namwona tu akisimama na jembe, akiangalia juu, nyumba ilipo.

Tukifunga chuo nitashuka naye shambani. Nitamwambia kwamba ikiwa ulikuwa unamwita, mimi ndiye ambaye sikumfikishia ujumbe. Sitapanga maneno. Na akitaka kulia au kunikasirikia, nitakaa pale pale mpaka amalize. Nakuahidi hilo.

Pumzika, Baba.

Mwanao,
Nasimiyu