Nafasi Yako Jumbani, Mjomba

Mjomba Wafula,

Goti linasemaje? Hapa Richfield, Marekani, kwa dada yako theluji imefika dirishani, nami nimeshakuwa mtaalamu wa mpira wa Kimarekani. Jana tulipotoka kanisani, jirani yetu Mzee Earl alikuja kunywa chai. Akala mandazi huku akinung'unika kwamba mchezaji wa zamani anayempenda atanyimwa tena nafasi kwenye jumba la mashujaa wa mchezo huo, wanakowekewa sanamu.

“Alifunga mangapi?” nikauliza kitaalamu.

“Hata mpira hakuugusa. Kazi yake ilikuwa kumkinga mwenzake asiangushwe.”

Nilicheka hadi chai ikanipalia. “Huyo ni mjomba wangu kabisa! Beki, hajafunga bao tangu nizaliwe.”

Mzee hakucheka. “Basi anastahili. Alistaafu lini?”

Kumbe hapa hawakufikirii mpaka ukae miaka mitano bila kucheza! Nikamsogezea mandazi mengine, maana daktari alishakukataza kucheza, na Jumapili utaingia uwanjani tu na wale wazee wenzako, goti limefungwa kitambaa.

Tundika daluga mjomba, tuanze kuhesabu hiyo miaka mitano. Usiogope, sanamu zao ni za kichwa tu. Kitambi hakitaonekana.

Mpwa wako anayekupenda, bingwa wa Richfield nzima,
Brayo