Kangaruu Hakukimbia

Jumapili, Laeken. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, na mwili wangu bado haujui uko bara gani. Sanduku liko koridoni, halijafunguliwa. Maman amesinzia kwenye kochi. Naandika haraka, mshangao usije ukanitoka.

Tumerudi kutoka Australia, kwa mdogo wangu Furaha.

Niseme kwanza: Maman haingii porini. Tulipokimbia vita kule Kivu, Kongo, nilikuwa mtoto wa mgongoni, na tulijificha msituni siku nyingi ambazo hapendi kuzisimulia. Hapa Brussels, kanisa lilipoandaa pikiniki kwenye msitu ulio nyuma ya mtaa wa Uccle, yeye alibaki ndani ya basi na sufuria yake ya sombe, kisamvu chetu, eti anailinda. Watu walicheka. Mimi nilijua.

Kwa hiyo Furaha aliposema atatutembeza porini tuone wanyama, niliogopa. Si nyoka. Niliogopa yale ya zamani yasije yakamrudia Maman huko, nami nisijue la kufanya.

Furaha porini ni mkali kuliko mama mkwe. Msiache njia. Msiwalishe. Msiwafuate. Na zaidi ya yote, kimya.

Kimya! Kwetu ukipita porini unaimba, unapiga makofi, wanyama wakupishe. Anayenyamaza msituni ni mtu anayejificha.

Tukanyamaza. Maman akanibana mkono. Akanong'ona: "Juu ya nini tunanyamaza? Nani anatutafuta?"

"Hakuna muntu, Maman," Furaha akamjibu. "Ni juu ya banyama. Tusibaogopeshe."

Maman akasimama. Akajitazama: kitenge chake, viatu vyake vya sokoni, magoti yake yenye baridi yabisi. "Donc leo ni sisi tunaogopesha?" Kicheko kikambana, akakizuia kwa ncha ya kitenge. Akaulegeza mkono wangu.

Mbele kidogo, penye nyasi, alikuwa amesimama kangaruu jike wa kijivu, wima kama mtu anayesubiri tramu. Sikio moja likageukia kwetu, kisha la pili. Nikapigwa na butwaa. Nimewaona kwenye televisheni maisha yangu yote, kumbe sijawahi kuwaona. Nikainua simu, nikasogea. Maman akanivuta shati.

"Acha. Tuko kwake."

Tukabaki pale pale. Kangaruu akatupima, akaona hatuna neno, akainama kula. Alipoinama, kichwa cha mtoto kikachomoza kwenye mfuko wa tumboni, nacho kikang'ata nyasi zile zile. Katika kimya kile tulisikia hadi sauti ya kutafuna. Machozi yalinitoka, wala sikujali. Mungu ameumba vitu, jamani!

Maman alimtazama mtoto yule muda mrefu. Kisha akasema polepole, bila kunigeukia:

"Mama yake hamuzibe kinywa."

Mtoto aliyezibwa kinywa, kwa mkono wa Maman, ni mimi. Ilikuwa kule msituni, ili nisilie, tusisikike. Niliwahi kudokezwa na shangazi. Maman mwenyewe hajawahi kulitamka. Na hata siku hiyo hakuniambia mimi, alimwambia kangaruu.

Tangu hapo hajalirudia, nami sijamuuliza. Sasa anakoroma, kitenge kimemfunika miguu.

Akiamka nimwambie nini? Labda hili tu: Maman, ule mukono ndo uliniponesha.