Jiwe la Huku Linamenyeka

Chunyu, Ruangwa

Baba, shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Mvua zimewafikia? Mimi mzima, ila nimechoka, uchovu ule wa kulala nao na kuamka nao. Simu ninayo, lakini ukipokea mama hukaa kando akisikiliza, na haya sitaki ayasikie. Yasome mwenyewe.

Nilipoondoka Mwanza uliniambia jiwe ni jiwe, aliyepasua la kwetu atapasua lolote. Hapana, baba. La kwetu lilikuwa uji wa moto, likapoa taratibu chini ya ardhi. Chembe zake nyeupe na nyeusi zimeshikana ovyo ovyo, halina upande. Ukichimba kisima humo, kuta zinasimama zenyewe. La huku halikuyeyuka. Mwalimu Zuhura, mwenye nyumba niliyopanga, anasema lilikuwa udongo wa kawaida, likafukiwa, likabanwa, likapikwa na joto la ardhini mpaka likageuka jiwe jingine. Chembe zake zimelala mistari mistari, tena imeinama, na katikati yake kuna kinywe, yale madini meusi yanayoteleza kama yamepakwa mafuta. Mikono yangu haitakati hata kwa sabuni.

Kwenye kisima tunachowachimbia wanakijiji tulikuwa wawili, mimi na Hamisi, Mmwera wa hapa hapa. Tulipofikia mwamba aliniambia, "Kaka, jiwe la kwetu linamenyeka. Tuweke magogo ya kuzuia ukuta kwanza." Tukamwomba mwenye kazi. Akacheka. "Nyie si mko kwenye mwamba? Magogo ya nini?" Tukaendelea kushuka hivyo hivyo.

Juzi nilikuwa juu navuta ndoo, nikasikia mlio mdogo, kama mtu anavunja muhogo mkavu. Bamba zima lilichomoka ukutani likamlalia Hamisi mguuni. Hakupiga kelele. Aliniita tu, "Kulwa, njoo na mtaimbo." Nikashuka. Kila nilipolinyanyua lile bamba, jingine juu ya kichwa changu lilikwaruza. Niliogopa, baba, sitakuficha. Mwishowe akauchomoa mguu, watu wakamvuta kwa kamba, na gari la korosho likamkimbiza hospitali Nachingwea. Mfupa umevunjika, lakini mguu hautakatwa.

Nyuma ya bamba lile maji yalikuwa yanatiririka. Kina mama walikuja na ndoo wakipiga vigelegele. Mimi nilikaa kwenye kifusi, sina hata nguvu ya kunawa.

Jana nilikwenda kumwona Hamisi. Mkewe, Somoe, alikuwa anamnywesha uji. Nikamwambia nataka kurudi nyumbani. Hamisi aliusogeza uji kando, akasema, "Nenda, kaka. Lakini wanangu watachota pale pale, na ukuta bado unamenyeka."

Leo asubuhi nimemwambia mwenye kazi sishuki tena, wala hashuki mtu, mpaka magogo yaje. Safari hii hakucheka, maana wanakijiji walikuwa wamesimama nyuma yangu. Mchana magogo yameletwa. Kesho nashuka kuyapanga. Ukuta ukishakaa sawa ndipo nitapanda basi la kuja huko, nilale.

Msalimie shangazi muuza dagaa, na bibi, umwinamie sikioni maana hasikii. Pacha wangu Doto na shemeji uwape pole ya kulea. Mtoto wao wamweke tayari, nije nimpakate.

Mwanao,
Kulwa