Aliniita Yaya

Jumatatu, 8 Machi 1999. Lodwar
Nimemaliza kuchomelea fremu ya paa. Ni ya Landikruza ya kanisa la Kakuma, wanaigeuza iwe gari la wagonjwa. Paa liinuke, muuguzi asimame ndani. Kesho napanda lori na fremu yangu. Faiba, nyuzi za kioo na gundi yake, nitaipaka hukohuko. Mwaka wa tatu Lodwar. Hakuna aliyewahi kubisha mlango wangu bila gari bovu.

Jumatano, 10 Machi. Kakuma
Mchungaji amenipa msaidizi, Mkongo wa kambi ya wakimbizi, Bahati. Kwao alitengeneza mashua za faiba. Nimechanganya resini, ile gundi, na hadina ya kuigandisha, kwa kipimo nilichofundishwa Kitale, kwenye baridi. Ikaganda ndani ya kopo kabla sijachovya brashi. Jua la hapa halina mchezo. Bahati akapunguza hadina nusu. Ikakubali. Anajua kuliko mimi. Imeniuma.

Saa saba akaniita mbele ya watu wote: "Yaya, kuya tukule." Yaya! Mimi, fundi mzima, wa kulea watoto wa watu? Nikamfokea: akirudia, atafute kazi kwingine. Akaniletea sahani yangu ya maharagwe, yeye akaenda kula mbali.

Alhamisi, 11 Machi
Tabaka la pili la faiba. Sasa ananiita bwana fundi. Nimeridhika.
Uongo. Sijaongea na mtu tangu asubuhi. Faiba inawasha shingo.

Jumamosi, 13 Machi
Paa limekauka, tumelipiga msasa, limenyooka vizuri. Jioni nilienda kununua maandazi kambini. Muuzaji, msichana Mkongo, akamwita jamaa aliyebeba kuni: "Yaya!" Nikamuuliza mbona anamtukana. Akacheka sana. "Ni mukubwa wangu. Kwetu yaya ni kaka ao dada mukubwa."

Nilisahau hata chenji. Mimi ni mtoto wa pekee, wazazi wote wameshafariki. Hakuna aliyewahi kuniita kaka mkubwa. Aliyeniita, nimemfokea mbele ya watu. Mjinga mimi.

Jumapili, 14 Machi
Nimemngoja Bahati nje ya kanisa. Nikamweleza kwamba kwetu yaya ni mfanyakazi wa kulea watoto, sikuelewa, anisamehe. Akacheka kwa adabu, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Haina shida, bwana fundi."

Nikasimama pale nikingoja. Akaelekea kambini. Nilitaka aniite tena, lakini kitu kama hicho hakiombwi.

Jumanne, 16 Machi. Lodwar
Jana tulifunga paa, gari likaondoka. Bahati aliniaga vizuri. Bwana fundi, safari njema.

Leo nimenyoosha mlango wa pikapu. Mwenyewe akaupapasa, akasema ejok, sawa, akaenda zake. Saa kumi nikafunga karakana. Sikuwa na pa kwenda. Nikafungua tena.