Mto Uliorudishwa Mlangoni: Kumbukumbu ya Scholastica wa Mtae

Hukuwa na cherehani. Hukuwa na cheti, wala mkasi wenye makali, wala mtoto wa kumzaa. Hukuwa na chumba cha kufundishia. Mume ulikuwa naye. Wa kukusemea hukuwa naye. Mwaka umetimia, Scholastica, tangu tulipokuzika hapa Mtae na vyote hivyo ukiwa bado huna.

Ulikuwa na sindano kumi na moja na watoto kumi na tisa, barazani. Walianza na kijimfuko cha kutilia kalamu, wakaja kwenye kishikio cha sufuria, kisha mwanasesere wa matambara. Waliokosa sindano walichambua vitambaa wakingoja zamu. Mshono ukipinda hukumpiga mtu. Ulisema tu, "Fumua mwenyewe. Ukifumuliwa hutajua ulipokosea."

Ukungu ukipanda, vidole vya watoto vilikufa ganzi wakajidunga. Mwalimu mkuu alikuwa radhi kukupa stoo tupu ya shule, ila kibali kilitaka barua yako mwenyewe ya kwenda wilayani Lushoto. Ukamwomba mumeo Silvano, msomi wa nyumba, akuandikie. Alikujibu mbele ya wageni: "Sikusoma shule ya jioni miaka minne ili niwaandikie wanasesere."

Wageni wakacheka. Nawe ukacheka, ukawamiminia chai. Uliomba mara tatu. Julai baridi ya baraza ikakuingia kifuani, hospitali wakasema nimonia. Agosti hukuiona.

Siku ya maziko watoto walileta mto wa viraka walioushona wenyewe, ulaze kichwa. Mumeo aliitazama mishono, akaurudisha mlangoni. "Imepinda. Padri ataona." Ukalazwa juu ya satini ya dukani. Saumu, mwanafunzi wako wa miaka tisa, akaondoka na mto kwapani bila kulia.

Wiki iliyopita mumeo aliiandika ile barua. Haikumchukua hata nusu saa. Kisha akaketi barazani kuishonea kijimfuko, kwa kuwa ndilo somo lako la kwanza. Saumu akaja, akasimama kumtazama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Mshono umepinda. Fumua mwenyewe."

Alifumua mara nne.

"Mimi bibi alinifumulisha mara mbili tu," alisema Saumu.

Mumeo akamuuliza mto wa bibi uko wapi, kama anaweza kuurudisha, aupeleke kaburini.

"Naulalia," alisema Saumu. "Ulisema umepinda."

Tunaokukumbuka ni mumeo Silvano, mdogo wako Marta, shemeji yako Mika, na watoto wote wa barazani. Hutatutoka moyoni maadamu sindano ina tundu.

Stoo bado ni tupu, kama ilivyokuwa siku ya kwanza ulipoomba. Asubuhi ya leo barua imetiwa katika kijimfuko, mdomo ukashonwa kwa uzi wako mweusi, ikakabidhiwa kondakta wa basi la Lushoto.